Enterovirusi, moyo na ubongo: maswali ya wazazi wa Uganda

Mimi ni muuguzi wa watoto upande wa mashariki, karibu na mpaka wa Busia, ambako foleni ya asubuhi ina Msamia, Mganda, Muiteso na dereva wa lori aliyetoka Mombasa, na Kiswahili ndicho kinachotupatanisha sote. Maswali haya nimeulizwa kwenye foleni hiyo, sokoni, na mengine kwa simu saa tano usiku. Nimeyajibu kadiri yalivyonijia. Kama mtoto wako anashtukashtuka usingizini, amelegea mguu au anahema haraka bila kukimbia, acha kusoma, mpeleke hospitali. Ukurasa huu hautakimbia.

Enterovirusi ni nini hasa?

Ni ukoo wa virusi wenye zaidi ya aina 100 zinazompata binadamu. Jina limetokana na utumbo, kwa sababu humo ndimo vingi vinamokaa na kuzaliana. Polio ndiye mkubwa wa ukoo, na ndiye pekee anayejulikana kwa jina katika kila kijiji. Ndugu zake ni Coxsackie A na B, ekovirusi, na wengine waliopewa namba tu, kama EV-A71 na EV-D68. Coxsackie ni mji mdogo katika jimbo la New York, Marekani, ambako virusi hivyo vilipatikana mwaka 1948 wakati watafiti wakichunguza watoto waliodhaniwa kuwa na polio. Tangu siku ya kwanza, basi, ukoo huu umekuwa ukichanganya watu.

Wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa, au hupata homa ya siku mbili tatu na mafua. Hata polio yenyewe hupoozesha takriban mtu mmoja kati ya 200 walioambukizwa. Shida iko kwa wale wachache ambao virusi hutoka utumboni, huingia kwenye damu, na kutua moyoni au kwenye ubongo.

Mbona sijawahi kusikia mtu Uganda akiambiwa "una enterovirusi"?

Kwa sababu hatuvipimi. Mtoto akija na homa tunamchoma kidole, tunasoma kipimo cha malaria, na mara nyingi maneno huishia hapo. Waganda husema omusujja, na neno hilo moja hubeba malaria, mafua, na homa nyingine zote ambazo hazijapata jina. Kipimo cha enterovirusi ni cha PCR, kile cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi. Kinahitaji choo, usufi wa kooni au maji ya uti wa mgongo, na hakipo katika kituo cha afya cha kawaida.

Dirisha tulilo nalo ni la polio. Choo cha mtoto aliyepooza ghafla hupelekwa Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda (UVRI) iliyoko Entebbe, na maji taka ya miji huchunguzwa vilevile. Anayetafuta polio kwenye choo hukutana na ndugu zake wengi tu. Kwa hiyo virusi hivi vipo hapa mwaka mzima. Kinachokosekana ni mtu wa kuviita kwa jina vinapomkuta mtoto kitandani.

Na yale macho mekundu ya shuleni, yanahusiana?

Ndiyo, na hapo wengi hushangaa. Macho mekundu tunayoyaita Apollo yalionekana kwanza Ghana mwaka 1969, mwaka ule watu walipokanyaga mwezi kwa chombo cha Apollo 11, na jina likabaki. Virusi vinavyojulikana kuyaleta ni enterovirusi viwili: EV-D70 na aina moja ya Coxsackie A24. Machi 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa macho mekundu uliopita magerezani na shuleni. Kwa hiyo ukiniambia hujawahi kukutana na ukoo huu, nitakuuliza kama hujawahi kuamka jicho limegandamana.

EV-D70 huweza, kwa nadra sana, kufuatiwa na kupooza mguu au mkono wiki kadhaa baada ya jicho kupona. Sisemi hivyo ili ukose usingizi. Ninachotaka ni kwamba ukiulizwa historia ya mtoto aliyelegea mguu, ukumbuke kulitaja na lile jicho.

Mtoto ana vipele viganjani, nyayoni na vidonda mdomoni. Ni tetekuwanga, ni mpox, au nini?

Tangu mpox itangazwe Uganda mwaka 2024, swali hili limekuwa wimbo. Mara nyingi kwa mtoto wa nasari jibu ni ugonjwa wa mkono, mguu na mdomo, unaoletwa hasa na Coxsackie A16, A6, na EV-A71. Huanza kwa homa na mtoto kukataa chakula, maana mdomo umejaa vidonda. Kisha vinatokea vipele vidogo, vingine vyenye maji, viganjani, nyayoni, wakati mwingine makalioni na magotini. Tetekuwanga hupenda kifua, mgongo na kichwa, na huwasha. Upele wa mpox huwa mgumu, uliozama ndani ya ngozi, unauma, mara nyingi una kitone katikati, na mitoki huvimba.

Hata hivyo, nimeona vipele vilivyonikosesha jibu kwa macho tu, na sioni aibu kusema hivyo. Kama nyumbani au jirani kuna mgonjwa wa mpox, usibahatishe. Mpeleke apimwe.

Kucha za mtoto zinang'oka baada ya kupona. Amerogwa?

Hapana. Hutokea wiki chache baada ya Coxsackie A6. Zitaota nyingine.

Inaambukizwa vipi? Sanitaiza inatosha?

Kwa choo, kwa mate, kwa makamasi, na kwa maji ya malengelenge. Mtoto aliyepona leo huendelea kutoa virusi kwenye choo kwa wiki kadhaa, na aliyeambukizwa bila kuugua hutoa vilevile. Dalili huja kwa kawaida siku 3 hadi 6 baada ya kuambukizwa.

Kuhusu sanitaiza, hapa Korona ilituachia tabia nzuri na imani potofu. Virusi vya Korona vimevaa koti la mafuta ambalo spiriti hulivua. Enterovirusi havina koti hilo, kwa hiyo spiriti haivisumbui sana. Sabuni na maji yanayotiririka, ukisugua vizuri mpaka katikati ya vidole, huving'oa na kuvipeleka na maji. Vyombo, midoli na sakafu vifutwe kwa maji yenye klorini. Kibuyu chirizi cha jerikeni na fimbo, kile kilichofungwa nje ya choo na kusahauliwa, kinafaa kuliko chupa ya sanitaiza iliyo mezani kwa mwalimu mkuu.

Ugonjwa wa tumbo unafikaje moyoni?

Kwa njia mbili zisizofanana. Ukizielewa hizo utaelewa kwa nini madaktari hukimbizana hata mtoto anapoonekana ana "mafua tu".

Njia ya kwanza ni ya Coxsackie B. Seli za misuli ya moyo zina mlango juu yake, protini ambayo virusi hivi hujishika nayo na kuingia. Vikiwa ndani hutengeneza nakala zao, na kimojawapo cha vimeng'enya vyao hukata distrofini, protini inayoshikilia kuta za seli ya msuli zisichanike kila moyo unapojikaza. Hebu fikiria paa la mabati lililokatwa misumari siku ya upepo. Kisha askari wa mwili wenyewe huja kupigana na virusi, na katika vita hivyo huharibu na seli zilizo salama. Huo ndio uvimbe wa misuli ya moyo, au miokaditisi. Wengi hupona. Wengine moyo hubaki umetanuka na kulegea, ukisukuma damu kwa unyonge kwa miaka.

Njia ya pili ni ya EV-A71, na hiyo haianzii moyoni. Virusi hupanda hadi kwenye shina la ubongo, lile eneo la chini linaloongoza mapigo ya moyo na pumzi bila sisi kujua. Likichokozwa, mwili humwaga homoni za taharuki kwa wingi usio wa kawaida, zile zile zinazokufanya utetemeke ukinusurika ajali ya boda. Moyo wa mtoto hukimbia mpaka unachoka, na mapafu hujaa maji ndani ya saa chache. Waliochunguza miili ya watoto waliokufa hivyo walikuta virusi kwenye shina la ubongo, huku misuli ya moyo mara nyingi ikiwa haina uvimbe wa kueleweka. Moyo uliuawa na ubongo.

Nitajuaje kwamba moyo umeguswa?

Kwa mtu mzima au kijana: wiki moja au mbili baada ya homa, mafua au tumbo la kuendesha, anapata maumivu ya kifua, moyo unaruka mapigo, anahema akipanda ngazi aliyokuwa akiipanda akiimba, au anazimia. Miguu huweza kuvimba, na akilala chali anakosa pumzi.

Kwa mtoto mdogo hakuna atakayekwambia "kifua kinauma". Utamwona ananyonya mara mbili, anaacha, anatoka jasho kichwani. Anahema haraka ilhali homa imeshuka. Mikono na miguu ni ya baridi, rangi imefifia, ini limevimba upande wa kulia wa tumbo. Wengi wa hawa hupewa dawa ya nimonia kwanza, na simlaumu mhudumu, kwa maana dalili zinafanana. Ila kama ni nimonia na siku ya pili ya dawa mtoto anazidi, uliza kwa upole: "Musawo (mganga), na moyo?" Nimewahi kuulizwa swali hilo na bibi mmoja aliyembeba mjukuu, nikatega sikio upya kifuani. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Vipimo ni picha ya moyo ya mawimbi ya sauti (eko), kipimo cha umeme wa moyo, na damu kuangalia troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukijeruhiwa. Hospitali kubwa za rufaa ndizo za kuanzia, na Taasisi ya Moyo ya Uganda iko Mulago, hospitali kuu ya rufaa jijini Kampala. Moyo mbovu Uganda una sababu nyingine nyingi: homa ya baridi yabisi, moyo wa mama baada ya kujifungua, na ule ugonjwa wa utando wa ndani ya moyo kukakamaa, ambao ulielezwa kwa mara ya kwanza kwa undani pale Mulago mwishoni mwa miaka ya 1940. Usikubali jina la enterovirusi, wala jina lingine lolote, kabla moyo haujapigwa picha.

Kijana wangu anacheza mpira. Homa imeisha, arudi uwanjani lini?

Kama ilikuwa mafua ya kawaida, arudi nguvu zikirudi. Kama alithibitishwa kuwa na uvimbe wa misuli ya moyo, apumzike mazoezi makali miezi 3 hadi 6, na daktari apime moyo kabla ya kumruhusu. Msuli uliojeruhiwa ukilazimishwa kukimbia huweza kupoteza mdundo ghafla. Kocha atasema mechi ya shule ni Jumamosi. Mwambie kocha Jumamosi ziko nyingi.

Asinywe dawa za maumivu kama diclofenac au ibuprofen kiholela wakati moyo umevimba, na mtoto mwenye homa ya virusi asipewe aspirini kabisa.

Na ubongo? Kweli vipele vya mdomoni vinaweza kufika huko?

Kwa watoto wachache, ndiyo. Kisa kinachotajwa zaidi ni cha Taiwan mwaka 1998. Ripoti za ugonjwa wa mkono, mguu na mdomo pamoja na vidonda vya koo zilifika 129,106. Kati ya hao, 405 walizidiwa, na 78 walifariki, wengi wakiwa chini ya miaka mitano. Mwaka mmoja kabla yake Sarawak, Malaysia, ilikuwa imezika watoto kwa ugonjwa huo huo, na mwaka 2012 Cambodia ikawa na vifo vilivyoitwa kwanza "ugonjwa wa ajabu" mpaka EV-A71 ikapatikana kwa wengi.

Ukiangalia hesabu ya Taiwan utaona mambo mawili kwa pamoja. Wengi mno walipona nyumbani kwa uji na maji. Waliokufa, kwa kawaida walikufa haraka, wakati mwingine siku moja tu baada ya dalili za ubongo kuanza. Ndiyo maana mimi siwaambii wazazi "usiwe na wasiwasi" wala "kimbia". Nawaambia walale na mtoto karibu kwa siku zile za kwanza na wamtazame.

Ubongo huguswa kwa namna kadhaa. Inayotokea zaidi ni homa ya uti wa mgongo ya virusi: kichwa, shingo ngumu, mwanga unaumiza macho, kutapika. Wengi hupona ndani ya wiki moja hivi. Mbaya zaidi ni uvimbe wa ubongo wenyewe, hasa shina lake. Kisha kuna kupooza kunakofanana na polio: Marekani mwaka 2014, mlipuko wa EV-D68 ulioanza kama mafua na pumu ulifuatana na watoto 120 waliolegea viungo ghafla, wengi wao mikono.

Nimtazame nini hasa usiku?

Kushtuka. Hiyo ndiyo ya kwanza. Mtoto anasinzia tu, mwili unaruka kama aliyeshikwa kwa ghafla, mikono inafunguka, anaamka, analala, anaruka tena. Mara moja moja ni kawaida kwa kila mtoto. Ikija tena na tena ndani ya saa moja, huku ana homa au vipele vya mdomoni, huo ni ubongo unalalamika.

Nyingine ni kuyumba akitembea kama mlevi, kutetemeka mikono, macho kuchezacheza, kutapika kusikoisha, kusinzia hata mchana ukimwita haamki vizuri, homa ya nyuzi 39 inayopita siku tatu, jasho la baridi, ngozi yenye mabaka. Weka kidole kifuani pake akiwa ametulia na uhesabu kwa dakika moja ya saa ya simu. Kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu, zaidi ya mapigo 150 ilhali halii na homa imeshuka si jambo la kungojea asubuhi. Boda ya usiku ni ghali, najua. Mwite jirani mwenye pikipiki.

Amepata degedege. Si ni malaria tu?

Inawezekana sana, na malaria ya ubongo inaua haraka, kwa hiyo apimwe na kutibiwa bila kuchelewa. Kosa ni kusimama hapo. Katika maeneo yetu mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu huku kinachomuumiza ni kingine. Kipimo chanya hakiondoi ugonjwa wa pili.

Degedege, ambayo Waganda wengi huiita eyabwe, ina waganga wake, na wengine humfukiza mtoto moshi au kumchanja chale. Sitaki kugombana na bibi wa mtu. Naomba tu hospitali iwe ya kwanza.

Wanataka kumtoa maji mgongoni. Nimesikia yanaua au yanapoozesha.

Hili nalisikia kila mwezi, na limewanyima watoto tiba. Imani imetoka mahali panapoeleweka: wanaotolewa maji ni wagonjwa mahututi, baadhi hufariki, na familia inakumbuka sindano kuliko ugonjwa. Sindano huingia chini ya pale uti wenyewe unapoishia, sehemu yenye maji na nyuzi za neva zinazoelea. Maji yanayochukuliwa ni kidogo, na mwili huyatengeneza upya siku hiyo hiyo. Huweza kuacha maumivu ya kichwa au ya mgongo kwa siku chache.

Maji hayo ndiyo yanayotofautisha homa ya uti wa mgongo ya virusi na ile ya bakteria. Ya bakteria ni hatari zaidi na ina dawa. Ya enterovirusi haina, lakini mtoto hataendelea kuchomwa sindano za antibiotiki wiki mbili bila sababu. Daktari atakuambia asubiri kama kuna dalili kwamba ubongo umevimba sana, na hapo yeye ndiye anajua.

Mtoto alikuwa na homa, akachomwa sindano ya tako kliniki, sasa mguu umelegea. Ni sindano au ni polio?

Swali hili linanikera, si kwa anayeuliza, bali kwa zile kliniki ambazo hazimwachi mtu atoke bila sindano. Sindano ya tako iliyochomwa vibaya huweza kujeruhi neva kubwa ya mguu. Watoto wa Kumi na maeneo ya jirani wanajulikana kwa misuli ya tako iliyokakamaa baada ya sindano nyingi. Upande wa pili, mtoto aliye na virusi vya polio mwilini tayari, akichomwa sindano ya msuli wakati huo, uwezekano wa mguu ule kupooza huongezeka. Kwa hiyo "ni sindano" na "ni polio" vinaweza kuwa kweli kwa mtoto mmoja.

Ndiyo sababu sheria haimwachii mzazi wala muuguzi kuchagua. Kila mtoto chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla lazima aripotiwe, na choo chake kichukuliwe mara mbili, angalau saa 24 zikipita kati ya mara moja na nyingine, ndani ya siku 14 tangu alegee. Baada ya hapo virusi hupungua na ushahidi unapotea. Mwambie VHT, yule mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, au mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) kama VHT hapatikani. Hutaadhibiwa kwa kuwa hukumchanja. Hilo linaogopesha wengi.

Polio si iliisha?

Afrika ilitangazwa huru dhidi ya polio ya asili tarehe 25 Agosti 2020. Uganda ilikuwa imeipata tena mwaka 2009 kaskazini na 2010 Bugiri, si mbali na ninapokaa. Iliyobaki inatusumbua ni ile inayotokana na virusi dhaifu vya chanjo ya matone, vikizunguka muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa mpaka vinarudia ukali. Mwaka 2021 vilipatikana katika maji taka ya Lubigi na Bugolobi jijini Kampala, na Januari 2022 watoto chini ya miaka mitano wakapewa chanjo mpya ya matone, nyumba kwa nyumba. Mwaka 2024 vikaonekana tena, safari hii katika maji taka ya Mbale.

Wapo wanaosema: kama chanjo ndiyo chanzo, basi tusichanje. Ni kinyume. Virusi hivyo haviwezi kuzunguka katika mtaa ambao watoto wote wamechanjwa. Ratiba ni matone ya kuzaliwa, ya wiki 6, 10 na 14, na sindano ya polio inayoanza wiki ya 14. Ukikosa moja, rudi. Hatufokei. Na kama tunafoka, nenda kituo kingine.

Kichanga wa siku tano anaweza kuambukizwa?

Anaweza, na yeye ndiye niliyemwogopa zaidi kazini. Mama mwenye homa na tumbo karibu na kujifungua huweza kumpa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wodi ya wazazi huko Johannesburg ilipata mlipuko wa Coxsackie B uliowaharibu vichanga mioyo, na kutokana na vifo hivyo dunia ikaanza kuelewa kwamba virusi hivi hupenda moyo wa mtoto mchanga. Karibu zaidi, kati ya Julai 2022 na Aprili 2023, Ufaransa iliripoti vichanga 9 walioshambuliwa vikali na ekovirusi 11, hasa ini. Saba walifariki.

Kwa hiyo wageni wa mtoto mchanga wanawe mikono, mwenye mafua asimbusu, na mama aliyeugua siku za kujifungua amwambie mkunga. Kichanga anayekataa ziwa au aliyepoa mwili hangojwi. Kunyonyesha kuendelee, maana maziwa yana kinga.

Kuna virusi vinaitwa Mengo. Ndiyo hivi?

Ni binamu. Mwaka 1946 watafiti wa Entebbe walimkuta nyani aliyepooza miguu ya nyuma, na virusi walivyovitoa kwake wakavipa jina la wilaya ya Mengo. Taarifa yao ilichapishwa 1948, ikieleza pia kwamba virusi vilimpata binadamu. Ni wa ukoo mpana mmoja na polio ila tawi jingine, na aina yake inaitwa kwa jina linalobeba ubongo na moyo pamoja, maana huko ndiko huvamia. Hukaa kwa panya na huua nguruwe kwa moyo. Kwa binadamu ni nadra sana, kwa hiyo usimtafute kwa mtoto wako. Ila ni vyema Mganda ajue kwamba jina la Mengo liko katika maabara za dunia.

Dawa ipo? Antibiotiki?

Antibiotiki haiui virusi. Dawa iliyoidhinishwa ya kuua enterovirusi haipo. Nyumbani ni parasetamoli kwa uzito wa mtoto, maji kidogo kidogo, uji uliopoa, maziwa. Chungwa na ndimu vinachoma vidonda vya mdomo, viache. Hospitali ni oksijeni, dawa za kuusaidia moyo, kudhibiti degedege, mashine ya kupumua akizidiwa, na wakati mwingine kingamwili za mshipani, ambazo ni ghali na ushahidi wake haujakaa sawa.

Na chanjo ya hivi vingine?

China ilianza kutumia chanjo ya EV-A71 baada ya kuiidhinisha mwishoni mwa 2015. Haizuii Coxsackie, na haimo katika ratiba ya Uganda.

Shule ifungwe?

Mara nyingi hapana, kwa kuwa waliopona wanaendelea kutoa virusi kwa wiki na huwezi kufunga shule muda wote huo. Mwenye homa, anayedondosha mate kwa vidonda au mwenye malengelenge mabichi akae nyumbani. Bweni ni jambo jingine: vitanda vimebanana, kikombe kimoja kinazunguka watu wanne, na matroni mmoja ana watoto 80. Hapo ningependa kuona sabuni imefungwa kwa kamba kila choo, na matroni anayepita usiku na tochi.

Mtoto aliyezidiwa atarudi kuwa wa kawaida?

Aliyepata homa ya uti wa mgongo ya virusi, kwa kawaida ndiyo. Aliyeguswa shina la ubongo mpaka mapafu yakajaa maji, wengine hubaki na udhaifu wa viungo, shida ya kumeza au kuchelewa darasani, na mazoezi ya viungo yaanze mapema. Aliyepooza kwa polio habadiliki sana baada ya mwaka wa kwanza. Wa moyo arudi kliniki hata akiwa anacheza vizuri, kwa sababu moyo uliotanuka hujificha.

Nimpigie nani?

Kwa mlipuko shuleni au mtoto aliyelegea kiungo: VHT, kituo cha afya kilicho karibu, au simu ya bure ya Wizara ya Afya, 0800 100 066. Taja kijiji, umri wa mtoto, na siku alipoanza kulegea. Siku hiyo ndiyo watakayoiuliza kwanza, kwa hiyo iandike hata nyuma ya kadi ya chanjo.